Umehamia bedsita? Hiyo wufa iache ulikotoka

Wasee, leo nitakosana na wengi, na niko sawa na hilo.

Kila mwisho wa mwezi nikisimama kwa balkoni ya ploti yetu hapa Zimmerman naona sinema ileile. Mkokoteni unafika kwa geti. Godoro linashuka, mtungi wa gesi unashuka, sufuria na ndoo zinashuka. Halafu, kwa uangalifu ambao hata kioo hakijapewa, inashuka wufa. Sanduku jeusi la besi, na spika mbili ndefu zinazofika mtu kifuani. Vijana wawili wanazibeba hadi orofa ya tatu wakiambiana "pole pole, pole pole". Dakika kumi baadaye mpangaji mpya anagundua kitu ambacho angekijua mapema kama angepima: hizo zikiingia, kitanda kinabaki nje.

Unajua anachofanya? Anasukuma kitanda hadi dirishani. Spika moja inaenda nyuma ya mlango, ingine inabanwa kati ya kitanda na meza ya jiko, sanduku la besi linaingia kona. Usiku anawasha, na ploti nzima tunajua amefika.

Msimamo wangu ni huu. Ukihamia nyumba ndogo, uza spika kubwa, na hiyo pesa yote ununue spika ndogo ambazo ni nzuri kweli. Sijasema za bei rahisi kwa sababu ni ndogo. Nimesema ndogo, nzuri, za bei. Na yeyote anayekuambia bedsita haistahili spika nzuri amekudharau, hata kama alisema akicheka.

Kabla uniulize mimi ni nani nikuambie uuze wufa yako, wacha nikiri. Huyo jamaa wa mkokoteni nilikuwa mimi.

Nilikuwa nakaa Kasarani na rumeti, nyumba ya sebule na chumba cha kulala. Tulikuwa na seti kubwa, spika mbili za kusimama chini na sanduku la besi, na tulijiona. Halafu rumeti akapata kazi nje ya Nairobi, mimi nikaacha kampasi, na kodi yote ikabaki ikiniangalia mimi peke yangu. Nikahamia bedsita. Mita 3 kwa mita 3 na nusu, choo ndani, jiko ni meza. Na ukweli usemwe, ile wufa sikuibeba kwa sababu ya muziki. Niliibeba ndiyo mtu akiingia asione nimeshuka. Chumba kinaweza kuwa kidogo, lakini ukiona spika kama hizo utasema huyu msee bado yuko.

Wiki ya pili nikagongewa mlango saa nne asubuhi. Jirani wa ukuta wa kushoto, mama mmoja nesi, anafanya zamu za usiku. Nilijua amekuja na matusi, nikajipanga. Hakuwa na matusi. Alikuwa na leso begani na macho mekundu, akaniambia, "Kijana, sijakuja kugombana. Muziki naupenda pia. Lakini huo wako mimi siusikii. Nasikia tu ukuta ukipiga. Na usiku nikienda kazini mikono inatetemeka."

Nikasema, "Pole mama, nitapunguza." Nikapunguza. Kwangu ndani muziki ukapotea kabisa, sauti za waimbaji zikawa kama zinatoka ndani ya blanketi. Kwake, aliniambia baadaye, bado ukuta ulikuwa unapiga. Hapo ndipo nilianza kujiuliza swali ambalo nilistahili kuuliza siku ya mkokoteni. Hii kitu inafanya kazi aje?

Sikiza, hii si hesabu ngumu. Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Besi ni mawimbi marefu. Sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde, yaani 40 Hz, wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Sasa chumba chako ni mita 3. Wimbi likitoka linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lile linalokuja. Kuna sauti fulani ambazo nusu ya wimbi lake inaingia kwa chumba chako vilevile, ukuta kwa ukuta, na hizo zinavimba. Chukua 343 ugawanye kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Kwa mita 3 unapata karibu 57 Hz. Kwa mita 3 na nusu unapata 49 Hz. Hapo ndipo kipenyo cha besi ya chumba changu kilipo, na bedsita nyingi za Nairobi haziko mbali na hapo.

Maana yake nini? Ukiweka sanduku la besi kwa kona ya chumba kama hicho, na kona ndiyo inasukuma besi zaidi, kila wimbo unapiga noti moja. Amapiano, gengetone, rumba, zote "vuuum". Wewe unadhani hiyo ni nguvu ya spika. Hiyo ni kuta zako zikiimba. Umelipa elfu arobaini kusikiliza plasta.

Na kwa jirani ni mbaya zaidi. Sauti za juu, zile za maneno na gitaa na matoazi, ukuta wa mawe unazizuia vizuri. Besi inapita. Kwa hivyo muziki wako ukifika upande wa pili umeshachujwa: maneno yamebaki kwako, utamu umebaki kwako, jirani amepata ule mtikisiko tu. Yule mama alisema ukweli wa kisayansi bila kujua. Hakuwa anasikia muziki wangu. Alikuwa anapewa takataka ya muziki wangu.

Sasa twende Luthuli Avenue, kwa sababu uwongo wenyewe umeandikwa kwa boksi.

Ingia duka lolote la spika pale. Boksi limeandikwa wati 9,000, lingine 12,000, na karibu nayo herufi nne ndogo: PMPO. Kijana wa duka anakuwekea wimbo, anafungua besi yote, suruali yako inatetemeka, unatoa pesa. Wacha nikupe silaha moja ya bure. Geuza hiyo spika nyuma, angalia plagi. Ni plagi ya kawaida ya pini tatu, fyuzi yake ikizidi sana ni ampea 13. Stima yetu ni volti 240. Zidisha: 3,120. Yaani hata fyuzi kubwa kabisa ya hiyo plagi haikusudiwi kupitisha zaidi ya wati elfu tatu na kitu kwa kuendelea. Elfu 12 zimepitia wapi, kwa dirisha? Sasa tafuta kale kastika kadogo ka nyuma kanakosema inatumia umeme kiasi gani. Mara nyingi utakuta ni wati 60, 80, labda 100. Chini ya pasi ya nguo, mbali sana. Hiyo namba ya nyuma ndiyo inakuheshimu. Ya mbele ni tangazo.

Na hata zikiwa wati za kweli, za nini zote? Spika nyingi ndogo za nyumbani zilizotengenezwa vizuri zinatoa karibu desibeli 85 ukizipa wati 1 tu, umekaa mita 1. Mazungumzo ya kawaida ni karibu desibeli 60. Wati moja, wasee. Katika bedsita unakaa umbali gani na spika? Mita moja, moja na nusu, hata ukitaka kukimbia hakuna pa kukimbilia. Mahali pa wazi, kila ukikaribia spika kwa nusu ya umbali, sauti inaongezeka desibeli 6. Kutoka mita 4 hadi mita 1 ni desibeli 12, na hizo ni sawa na kuzidisha wati mara 16. Chumba kidogo kimekupa hizo wati bure. Halafu wewe unaenda kukopa ununue zingine.

Najua utakachosema. "Bro, lakini ndogo haina besi."

Hapo hatutadanganyana. Kisanduku cha sentimita 30 hakiwezi kukupa ule mngurumo wa chini kabisa wa 30 Hz kama wa nganya ya Rongai. Kuna kanuni ya zamani ya watu wa spika, inaitwa kwa jina la Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH ya Marekani. Inasema sanduku dogo, besi ya chini sana, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, chagua mbili, ya tatu hupati. Anayekuuzia kidude cha kuingia mkononi akikuambia kina zote tatu anakuibia mchana.

Lakini jiulize besi unayoitaka ni gani. Waya wa chini kabisa wa gitaa la besi la waya nne unapiga karibu 41 Hz, na sikio lako linaufuata wimbo wake zaidi kwa zile sauti za juu yake, 80, 120, 160. Weka nyimbo za Les Wanyika, bendi iliyoanza hapa Nairobi mwaka 1978 baada ya vijana kutoka Simba Wanyika. Tom Malanga kwa besi hapigi "vuuum". Anatembea. Anaongea na gitaa la pili, anaacha nafasi, anarudi. Kwa wufa yangu ya zamani sikuwahi kusikia hayo, na nyimbo hizo nimekua nazo tangu nikiwa mtoto. Nilisikia tu kuna kitu kizito pale chini. Kwa spika ndogo nzuri nikasikia kwamba besi ni melodi. Mara ya kwanza nilisimamisha wimbo nikaurudisha, nikidhani ni toleo lingine.

Na usidhani hii ya spika ndogo ni maneno ya maskini kujifariji. Miaka ya 1970, BBC ya Uingereza ilikuwa na shida kama yako. Walikuwa na magari ya matangazo, yale ya kwenda kurekodi nje ya studio, na ndani ya gari hakuna nafasi ya spika kubwa. Lakini fundi aliye ndani lazima asikie ukweli, kwa sababu akikosea nchi nzima inasikia makosa. Wakatengeneza kisanduku kinachoitwa LS3/5A. Urefu wake karibu sentimita 30, upana 19, kina 16. Kidogo kuliko katoni ya viatu vya mguu mkubwa. Kilitengenezwa kwa sauti ya binadamu kwanza, ndiyo mtangazaji asikike kama mtu, na hadi leo kuna watu wanatafuta zile za zamani na kuzilipia pesa ya pikipiki. Mwaka 2012 kampuni ya KEF, ambayo iliwauzia zile injini za sauti za ndani ya kisanduku hicho, ikatoa LS50 kwa heshima ya ule mfano. Hiyo pia inakaa kwa rafu ya vitabu.

Bado unabisha? Yamaha NS-10, zile za koni nyeupe, zilitoka 1978, zikajaa studio za dunia nzima juu ya meza ya kuchanganya sauti. Ndogo. Auratone 5C ni kisanduku mraba ambacho hata nyanya yako angekiweka juu ya kabati, na Bruce Swedien, fundi aliyechanganya sauti za Thriller ya Michael Jackson mwaka 1982, alikuwa mtu wa Auratone. Hiyo albamu unayoilazimisha kwa wufa ya wati 12,000 za kufikiria, mwenye kuitengeneza aliisikiliza kwa kitu kinachotoshea kwa mfuko wa sokoni.

Sasa nije kwa kundi la pili, kwa sababu watu wa wufa angalau wanapenda kelele zao kwa moyo safi. Kundi la pili ndilo linaniudhi.

Hawa ni wale wakisikia unakaa bedsita wanakuambia, "Spika za elfu ishirini na tano za nini, na unalala karibu na sufuria? Nunua kitu cha elfu mbili ya Bluetooth, hiyo inakutosha." Inakutosha. Hilo neno tulilifanya nini? Nyumba ikiwa ndogo, basi kila kitu ndani yake kiwe duni, kuanzia taa hadi kitanda hadi sauti, kama adhabu ya kutokuwa na pesa ya kodi. Mwenye sebule kubwa Lavington akinunua spika nzuri ni mtu wa ladha. Wewe ukinunua ni kujifanya.

Mimi nasema nyumba ndogo ndiyo inadai spika nzuri zaidi. Hesabu saa zako. Mwenye nyumba kubwa anasikiliza muziki akiwa sebuleni, halafu anaenda vyumba vingine. Wewe unalala, unapika, unafanya kazi, unakula na unalia ndani ya chumba kimoja. Mimi naediti video hapo hapo, saa nane, saa tisa kwa siku. Spika mbaya inanichosha masikio kabla ya saa sita, na inanidanganya: nilikuwa natoa video zenye sauti nzito kwangu, mtu akizifungua kwa simu anasema hasikii maneno. Miezi yote hiyo nilidhani shida ni maikrofoni. Shida ilikuwa wufa inayoniongezea besi ambayo haiko kwa rekodi.

Kuna wale watasema "tumia hedifoni basi". Natumia, usiku wa manane. Lakini hedifoni ni ya mtu mmoja. Mzee wangu alikuja kunitembelea mwezi wa tatu baada ya mimi kuhama. Hakuwa ameongea nami sana tangu niache kampasi. Aliingia, akaangalia chumba, akakaa kwa kiti cha pekee, mimi nikakaa kitandani. Kimya kile mnakijua. Nikaweka hizo hizo nyimbo za Les Wanyika kwa spika ndogo, sauti ya chini tu. Baada ya muda akasema, "Hapo kuna gitaa mbili." Nikasema, "Tatu, baba, na ile ya besi." Akasikiliza. Akasema, "Weka tena." Hatukuongea mambo ya kampasi siku hiyo, lakini alikaa hadi giza likaingia. Sasa ningemvalisha mzee hedifoni?

Tuongee pesa, kwa sababu najua mnangoja. Ile seti kubwa tuliinunua 45,000. Niliiuza 26,000, na iliniuma. Kwa hiyo pesa nilipata Wharfedale Diamond kuukuu, za ex-UK, jozi kwa 18,000, na amplifaya ndogo ya mtumba 7,500. Zikabaki 500 za waya. Wharfedale ni kampuni ya Uingereza, na hizo Diamond wamekuwa wakizitoa tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kwa ajili ya watu wasio na nafasi wala pesa nyingi. Si za juu kabisa duniani. Lakini ziliundwa na watu waliokaa chini wakasikiliza, na mpya singeziweza. Sikuongeza hata shilingi. Nilibadilisha ukubwa nikachukua ubora, basi.

Ukitaka kufanya hivyo, fanya hivi.

Uza kabla uhame. Ukishaingia bedsita na spika kubwa, mnunuzi akiona unavyoruka juu yake kufika kwa mlango anajua umebanwa, na bei inaanguka.

Pima chumba, pima mahali zitakaa, halafu ndiyo uende dukani. Injini ya besi ya inchi 4 hadi 5 inatosha kabisa kwa bedsita. Ikizidi inchi sita na nusu unarudi kwa ule ugonjwa.

Angalia tundu la kupumulia. Kama liko nyuma na wewe utaziegemeza kwa ukuta, besi itavimba. Tafuta zenye tundu mbele au zisizo na tundu kabisa. Kama umeshazipenda za tundu la nyuma, kama zangu, sukuma soksi safi ndani. Si mchezo, inasaidia, na soksi unaweza kuitoa ukihamia kwa kubwa.

Usiziweke kwa kona wala chini sakafuni. Zipandishe hadi kale kaspika kadogo ka juu kawe sawa na sikio lako ukiwa umekaa. Mimi nimetumia mawe mawili ya kujengea kila upande na kipande cha kapeti kuukuu juu yake. Wewe na spika zako mfanye pembetatu, umbali wa spika kwa spika ukaribiane na umbali wako hadi kila moja. Pazia nzito, godoro, na zile nguo zako zimening'inia ukutani zote zinakunywa mwangwi, kwa hivyo kwa mara ya kwanza uchafu wako una faida.

Kwa spika za mtumba, usinunue kwa macho. Bonyeza koni polepole kwa vidole, isikwaruze. Angalia ule mkanda unaozunguka koni: ukiwa wa povu na umeanza kumeguka kama keki, punguza bei au ondoka. Nenda na wimbo unaoujua kabisa na uusikilize kwa sauti ya CHINI. Mwenye duka atataka kufungua yote. Mkatalie. Spika mbaya inajificha kwa kelele. Kwa sauti ya chini, ukisikia kila neno la mwimbaji, lipa.

Na kwa wale mnaosema "nyumba ni yangu, nimelipa kodi", nchi hii ina kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Kwa makazi, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kiwango ni desibeli 35. Hiyo ni kama kunong'ona. Najua hakuna anayekuja na kipimo hapa Zimmerman. Lakini usiseme una haki, sema tu hujashikwa.

Sijasema spika kubwa ni dhambi. Harusi, uwanja, kanisa la hema, nganya, hapo zina kazi na mimi nitacheza wa kwanza. Ukipata siku moja sebule ya mita 7, nunua za kusimama hadi kiunoni, nialike. Kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Ninachopinga ni kuishi kwa chumba cha leo na spika za nyumba uliyoipoteza, au ya ile unayotaka watu wadhani unayo. Mimi nilifanya hivyo, na nililala miezi miwili mguu mmoja ukigusa sanduku la besi kila nikigeuka.

Wiki iliyopita nilikutana na yule mama nesi kwa ngazi, anarudi kutoka zamu, mimi nashuka kununua maziwa. Akaniuliza, "Kijana, kwani uliuza redio yako?"

Nikamwambia, "Hapana mama, iko. Hata sasa hivi inaimba."

Akasimama, akategea sikio kuelekea mlango wangu, hatua kama sita hivi. Akatikisa kichwa. "Unanidanganya," akasema, akaenda kulala.